Akiba haiozi, waulize San Francisco 49ers

Ukisikia vijana wa kijiweni wanabishania drafti, usiharakishe kutafuta ubao na kete. Siku hizi wapo washikaji wa mjini waliozimikia futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega ya kuvimba, na kwao drafti ni zile siku tatu za kila mwaka ambapo timu zote 32 za ligi ya NFL zinagawana vijana wanaotoka vyuoni. Timu iliyovurunda msimu uliopita inachagua mwanzo, bingwa anachagua mwisho, raundi saba mfululizo.

Kila ikifika Aprili simu yangu haipumui. Swali ni lile lile: "Kaka, timu yangu imemchukua nani raundi ya kwanza?"

Mimi nina ugomvi na swali hilo. Jina la kwanza ni la kuuzia magazeti. Ninalotaka kujua ni jina la mwisho. Na zaidi ya hapo nataka kujua hivi: yule staa akitolewa kwa machela, nani anavaa kofia na kuingia?

Kwa wasiojua mambo yanavyokwenda, kambi ya mazoezi inaanza na watu hadi 90. Mwisho wa Agosti kocha anatakiwa abaki na 53. Wengine wanatoswa, wachache wao wanaokotwa kwenye kikosi cha mazoezi. Hata hao 53 hawavai jezi wote siku ya mechi. Sasa piga hesabu: upande wa kushambulia unataka watu 11, upande wa kuzuia 11, na wapiga mateke wana watu wao. Kila namba inabaki na mtu mmoja wa akiba, wawili kama una bahati. Na huu ni mchezo wa mibaba ya kilo mia na zaidi kugongana kwa makusudi, mechi 17. Majeruhi hapa si ajali, ni sehemu ya ratiba.

Ndiyo maana leo naichambua timu moja, San Francisco 49ers, na drafti yake ya mwaka 2022. Nimeichagua kwa sababu majibu yake yameshatoka yote, hakuna kupiga ramli.

WALIVYOFILISIKA KWA MTU MMOJA

Turudi nyuma kidogo. Machi 2021, meneja mkuu John Lynch na kocha Kyle Shanahan waliamua wanataka kwotabeki mpya. Kwotabeki ndiye fundi anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, kisha anaamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Bila yeye timu ni gari lisilo na usukani.

Basi wakaenda kwa Miami Dolphins na kumwaga mali. Wakatoa nafasi zao za raundi ya kwanza za 2021, 2022 na 2023, wakaongeza na moja ya raundi ya tatu, ili wapande kutoka namba 12 hadi namba 3. Hapo wakamchukua Trey Lance wa North Dakota State, kijana mwenye mwili, mbio na mkono wa bunduki, lakini aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu kamili chuoni.

Deni likaja kulipwa Aprili 2022 kule Las Vegas. Wenzao wanakula, 49ers wanaangalia. Jina lao la kwanza lilitajwa kwenye namba 61: Drake Jackson, wa kumfukuza kwotabeki wa wapinzani. Wakafuata Tyrion Davis-Price, mkimbiza mpira, namba 93. Danny Gray, mdakaji mwenye kasi, namba 105. Na Spencer Burford wa ukuta wa mbele, namba 134. Kisha mabeki wa pembeni Samuel Womack na Tariq Castro-Fields, Nick Zakelj wa ukutani na Kalia Davis wa katikati ya ulinzi. Halafu, wakati wengi wameshazima televisheni, namba 262, ya mwisho kabisa: Brock Purdy, kwotabeki wa Iowa State.

Huyu wa mwisho Wamarekani wana jina lake. Tangu 1976, kwa utani ulioanzishwa na mchezaji wa zamani Paul Salata, anaitwa kitu kama Bwana Asiye na Maana. Wanamwalika Newport Beach, California, wanamfanyia sherehe na kumpa kikombe chenye sanamu ya mchezaji anayedondosha mpira. Utani mtamu, mradi usiwe wewe.

Lakini wacheza drafti ya kete wanajua jambo moja. Kete yoyote, hata ile iliyokaa nyuma kabisa, ikivuka ubao inakuwa kingi.

KITI CHA MOTO

Lance akakabidhiwa usukani. Jimmy Garoppolo, aliyewafikisha Super Bowl Februari 2020, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa bega na karibu kila mtu aliamini anaondoka. Haikupatikana timu ya kumchukua. Mwisho wa Agosti wakakaa naye mezani, mshahara ukapunguzwa, akabakizwa kama akiba. Ni kama kumweka dereva wa zamani kwenye kiti cha abiria amtazame mgeni anavyobadili gia. Nate Sudfeld, aliyetarajiwa kuwa namba mbili, akatoswa. Purdy akabaki namba tatu.

Septemba 18, 2022, mechi ya pili tu ya msimu, dhidi ya Seattle Seahawks, Lance akavunjika kifundo cha mguu. Msimu wake ukaishia hapo. Akaingia Garoppolo, wakashinda 27-7. Desemba 4, dhidi ya Miami, wale wale waliobeba nafasi zao za drafti, Garoppolo naye akavunjika mfupa wa unyayo katika robo ya kwanza. Watu wakatazamana. Amebaki nani? Bwana Asiye na Maana.

Kijana wa miaka 22 akaingia, akarusha pasi mbili za tachidauni, wakashinda 33-17. Wiki iliyofuata akaanza mechi yake ya kwanza, na upande wa pili alikuwepo Tom Brady, ambaye naye mwaka 2000 alichukuliwa namba 199. Mtoto akampiga mzee 35-7. Hadi msimu wa kawaida unaisha, 49ers hawakupoteza tena: ushindi 13, kupoteza 4. Kwenye mtoano wakawatoa Seattle 41-23, wakawatoa na Dallas Cowboys 19-12. Jamaa anatesa tu.

Ila tusidanganyane. Purdy hakupeta peke yake. Oktoba mwaka ule walikuwa wamemchukua mkimbiza mpira Christian McCaffrey kutoka Carolina. Nyuma yake kulikuwa na ulinzi ulioruhusu pointi chache kuliko timu yoyote ya ligi msimu ule. Na ulinzi huo haukujengwa kwa majina ya raundi ya kwanza peke yake. Fred Warner alitoka raundi ya tatu, 2018. Dre Greenlaw raundi ya tano, 2019. Talanoa Hufanga raundi ya tano, 2021. Hao ndio watu ambao siku ya drafti hukuwauliza.

USIKU WA PHILADELPHIA

Ikaja Januari 29, 2023. Mshindi wa siku hiyo anakwenda Super Bowl. Kwetu ilikuwa saa tano usiku. Mpira umeanza tu, Haason Reddick wa Philadelphia Eagles akampiga Purdy mkono wakati anarusha. Kano ya kiwiko cha mkono wa kulia, ndio mkono wake wa kurushia, ikachanika.

Akaingia Josh Johnson, mkongwe wa miaka 36 aliyesajiliwa Desemba hiyo hiyo. Robo ya tatu Johnson akagonga kichwa chini, akapata mtikisiko wa ubongo, na kwa mtu wa namna hiyo hakuna kurudi uwanjani. Hapo sasa ndipo kasheshe ilipoanza, kwani kwotabeki mwingine hakuna. Purdy akarudishwa na mkono usioweza kurusha mpira mbali. Kilichobaki ni kuwakabidhi wakimbiaji mpira, na kila mtu wa Eagles alijua hivyo kabla mpira haujatolewa. Ikaisha 31-7.

Niliitazama mpaka mwisho, na kilichoniuma si kipigo chenyewe. Ni kuona timu iliyokamilika kila idara, miezi mitano ya jasho, imesimama pale haina hata mtu mmoja wa kurusha mpira. Makwotabeki wanne walitumika msimu ule, na bado ilitakiwa apatikane wa tano.

Ligi yenyewe ilishtuka. Mei 2023 wenye timu wakapitisha kanuni ya kuruhusu kwotabeki wa tatu wa dharura siku ya mechi. Kanuni kama hiyo ilikuwepo zamani, ikaondolewa mwaka 2011. Wakairudisha baada ya kuona kwa macho.

WENGINE JE?

Tuwapime na hao wengine, tusije tukaonekana tuna mapenzi na mtu mmoja. Burford alipata namba kwenye ukuta tangu msimu wake wa kwanza, huyo dili lilikuwa zuri. Gray, pamoja na kasi yote, alidaka pasi moja tu msimu mzima wa 2022. Davis-Price wa namba 93 alipitwa na mtu ambaye hakutajwa kabisa kwenye drafti: Jordan Mason wa Georgia Tech, aliyesajiliwa baada ya majina yote 262 kwisha. Mwaka 2024, McCaffrey alipoukosa mwanzo wa msimu kwa maumivu ya mguu, Mason ndiye aliyeubeba mzigo, akamaliza na yadi 789. Huyo hakupewa hata kikombe cha utani.

VIPIMO VYANGU

Kwa hiyo timu yako ikimaliza drafti, mimi nakupa vipimo vitatu, vya bure.

Cha kwanza, chukua orodha ya kikosi na ufunike majina ya namba moja kwa kidole. Soma ya pili. Kama unaona giza, hiyo timu ni kimeo hata kama imemsajili malaika.

Cha pili, uliza mtu wa akiba anafanya kazi ngapi. Kwenye watu 53 hakuna nafasi ya mtu wa kukalia benchi na kula posho. Anatakiwa ajue namba mbili, na awepo pia wakati wa mateke, maana huko ndiko wageni wengi wanakojipatia mkate.

Cha tatu ni mshiko. Ligi ile ina kikomo cha mishahara, na mwaka 2022 kilikuwa dola milioni 208.2 kwa timu. Mshahara wa msingi wa Purdy kwa miaka yake mitatu ya kwanza haukufikisha dola milioni moja kwa mwaka. Kwotabeki wa bei ya karanga maana yake una hela za kuwalipa mastaa wengine. Ndiyo siri ya 49ers kufika Super Bowl ya Februari 11, 2024, ambako walifungwa na Kansas City Chiefs 25-22 katika muda wa nyongeza. Lance, aliyegharimu nafasi zote zile? Agosti 2023 alikuwa ameshapelekwa Dallas kwa nafasi moja ya raundi ya nne.

Ila bei ya karanga haidumu. Mei 2025 Purdy aliula: mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 265. Mwaka huo huo Hufanga na Greenlaw wakahamia Denver, Deebo Samuel akaenda Washington, Mason akaenda Minnesota. Mapengo yakabaki wazi, na 49ers wakarudi sokoni: kwenye drafti ya 2025 walichukua watu 11.

Na msimu ulipofunguliwa Septemba 2025, Purdy akaumia kidole cha mguu. Mechi kadhaa zikaanzwa na Mac Jones. Huyu ndiye aliyechukuliwa na New England Patriots namba 15 mwaka 2021, baada ya 49ers kumruka na kumchagua Lance. Walimkataa kwa bei ya juu, wakaja kumpata kwa bei ya akiba.

Aliyekuwa namba tatu leo ndiye bosi, na sasa ni yeye anayehitaji mtu wa kumshikia kiti. Basi Aprili ukinipigia, niulize raundi ya saba. Hapo tutaongea mpaka salio lako liishe.