Fundi Amesema Injini Imekufa: Usitume Pesa Bado

Simu inalia saa nne asubuhi. Ni fundi. "Boss, hii injini yako imeisha kabisa. Kuna ingine ya Japan hapa Kirinyaga Road, lakini kuna mtu anaitaka. Tuma 80 sasa hivi niishike." Gari hilo ndilo linalolisha watu nyumbani. Kidole chako tayari kiko kwenye PIN.

Tunakuomba kitu kimoja: subiri kidogo. Pesa ikishatumwa na aliyeipokea akaitoa kwa wakala, kuirudisha si rahisi. Injini iliyokufa leo bado itakuwa imekufa kesho, na siku hiyo moja inaweza kukuokolea maelfu.

Kwanza, ipimwe

"Imekufa" si jibu, ni mwanzo wa maswali. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Huenda ringi za pistoni zimechoka, au ni sili za valvu tu, ambazo ni kazi ndogo zaidi. Moshi mweupe mzito, huku maji ya rejeta yakipungua, mara nyingi ni gasketi ya hedi. Moshi mweusi unaonyesha petroli inayoingia ni nyingi mno. Hilo peke yake si sababu ya kununua injini.

Mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda na akuandikie namba zake. Kisha atie oili kidogo kwenye silinda iliyo chini, apime tena. Namba ikipanda, tatizo liko kwenye ringi au silinda. Isipopanda, tazama valvu au gasketi. Kama fundi hataki kupima, tafuta wa pili.

Ovaholi au injini nyingine?

Ovaholi ina maana kama bloku haijapasuka na krenki bado inaweza kuokolewa. Uzuri wake ni kwamba unajua kila kitu kipya kilichoingia ndani. Ubaya wake ni kwamba inategemea sana mkono wa fundi na vipimo vya mashine.

Kubadilisha kuna maana pale bloku imetobolewa, au gharama ya ovaholi inakaribia ile ya injini nzima. Ni rahisi zaidi kama injini yako ni ya kawaida. Probox ya cc 1500, kwa mfano, hutumia 1NZ-FE, ambayo pia imo katika Fielder nyingi, kwa hivyo kuipata si shida. Lakini ukitaka kuweka injini kubwa zaidi ya ile ya kiwandani, jiandae: maunti, waya, kompyuta ya injini na pengine geaboksi, vyote vitataka pesa.

Na vyovyote utakavyoamua, uliza kilichoua injini ya kwanza. Kama ni rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, ya pili itakufa vivyo hivyo.

Piga hesabu ya yote

Bei ya injini si bei ya kazi. Huu ni mfano tu, za kwako zitakuwa tofauti:

Injini: 80,000
Kazi ya fundi: 15,000
Oili, filta na maji ya rejeta: 8,000
Maunti na mabomba ya mpira: 6,000
Ukaguzi na mabadiliko ya logibuku: 5,000

Jumla ni 114,000, si 80,000 uliyoambiwa kwa simu. Kama gari lenyewe lingeuzwa 350,000, hiyo ni karibu thuluthi ya thamani yake. Kama ovaholi ni 65,000, tofauti ni 49,000. Ongeza pia siku ambazo gari litalala gereji bila kuingiza kitu. Wakati mwingine hesabu itakuambia uliuze lilivyo, na hiyo pia si aibu.

Karatasi

Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Ukibadilisha injini, badilisha pia rekodi hiyo NTSA kupitia akaunti yako ya eCitizen. Utahitaji karatasi zinazoonyesha injini ilikotoka, na gari litakaguliwa. Muuzaji asiye na risiti wala karatasi za forodha anaweza kuwa anakuuzia injini ya wizi. Utakuja kuumia siku ya kuuza gari, au siku ya kudai bima.

Sasa, namna ya kulipa

Nenda dukani mwenyewe. Iangalie injini, piga picha namba yake, na uulize waranti ni ya siku ngapi: inaanza siku ya kununua au siku ya kuwasha?

Lipa duka moja kwa moja kwa nambari yake ya Till. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama duka ni moja na jina ni la mtu mwingine, simama uulize.

Pesa ya fundi ilipe kwa awamu: sehemu anapoanza, sehemu injini ikishaingia, na iliyobaki baada ya kuliendesha gari mkiwa pamoja hadi lipate joto.

Usifute SMS. Iweke pamoja na risiti yenye namba ya injini. Waranti ikileta ubishi, huo ndio ushahidi wako.

Na usichukue mkopo wa simu kwa injini ambayo hujaiona. Mkopo wenyewe hautangoja gari liwake.

Kwa hivyo fundi akipiga tena, mjibu kwa upole: "Sawa, fundi. Nitumie namba za kompresheni kwanza. Pesa nitakuja nayo mwenyewe."