Jiwe la Sericho na Mhandisi Aliyekwenda Angani

Mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao kusini mwa Sericho, Kaunti ya Isiolo, waliona mawe makubwa, mazito ajabu, katika ardhi isiyo na mawe. Wazee wa huko walikuwa wakiyajua, kwani utotoni waliyachezea. Yalipochunguzwa, ilithibitika kuwa ni vimondo: chuma kilichochanganyika na fuwele zing'aazo, kilichoteremka kutoka mbali kabisa. Vipande vingi vimekwisha kufika kwa wakusanyaji wa ng'ambo.

Basi kitu cha angani kilishuka Sericho. Je, mtoto wa Sericho naye aweza kupanda angani?

Tumtazame Sultan Al Neyadi, aliyezaliwa mwaka 1981 katika kijiji cha Umm Ghafa, karibu na Al Ain, Falme za Kiarabu, nako pia ni nchi ya mchanga na ngamia. Hakuanzia kwenye roketi. Alisomea uhandisi wa elektroniki na mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Brighton, Uingereza, akalitumikia jeshi la nchi yake katika ulinzi wa mitandao ya kompyuta, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Griffith, Australia.

Mwaka 2018, kati ya waombaji zaidi ya 4,000, walichaguliwa wawili: yeye na Hazza Al Mansoori. Mwaka uliofuata Hazza akaruka. Sultan akabaki akiwa wa akiba. Alisubiri akijifunza, hata zamu yake ikafika tarehe 2 Machi 2023. Alikaa angani siku 186, na tarehe 28 Aprili akatoka nje ya kituo kwa saa saba, Mwarabu wa kwanza kufanya hivyo. Ramadhani ilimkuta huko, jua likichomoza mara 16 kwa siku. Naye alikwisha kueleza kuwa msafiri ana ruhusa ya kutofunga.

Akiwa huko huko, tarehe 15 Aprili, ilirushwa Taifa-1, setilaiti iliyosanifiwa na wahandisi wa Kenya. Mlango, basi, umeanza kufunguka.

Wazazi wenzangu, jiwe kwenda ng'ambo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni binti au kijana mwenye kipaji cha hesabu kuachishwa masomo kwa ukame au karo. Mwenyezi Mungu awaruzuku watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.