UANAGENZI WA SHAHADA: KUSOMA HUKU UKILIPWA

Mlezi wa chama chetu aliniomba niwaandikie kuhusu shughuli zangu, kwa maana nilipokuja likizo wengi wenu mliniuliza swali moja: "Kwani wewe ni mwanafunzi au ni mfanyakazi?" Jibu ni kwamba mimi ni vyote viwili. Mimi ni mwanagenzi wa uhandisi wa programu za tarakilishi, na sasa nimo katika mwaka wa tatu kati ya minne.

Neno mwanagenzi si geni kwa mwanachama yeyote. Ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, akiwa chini ya fundi. Kule Lamu, waundaji wa majahazi hawakujifunzia ubaoni. Walishika keekee na msumeno kando ya fundi hadi mikono ikazoea. Waingereza nao wana historia ndefu ya jambo hili. Mwaka 1563 walipitisha sheria iliyomtaka mtu akae miaka saba chini ya fundi kabla ya kuruhusiwa kufanya ufundi wake, na kifungu hicho kilifutwa mwaka 1814.

Hata hivyo, kwa muda mrefu watu waliona kwamba uanagenzi ni wa maseremala na waashi, nayo shahada ni ya wale waliokwenda chuo kikuu. Mwaka 2015 ndipo England ilipoanzisha uanagenzi wa shahada. Mwanafunzi huajiriwa na kampuni, hulipwa mshahara, na wakati huohuo husomea shahada kamili. Mwishoni hupewa shahada ileile anayopewa mwenzake aliyeshinda darasani miaka yote. Si cheti cha pembeni, la hasha!

Sasa mtauliza, nani hulipa? Hapo ndipo penye utamu. Mwanagenzi halipi ada hata senti moja. Tangu Aprili 2017, kila mwajiri ambaye mishahara anayolipa kwa mwaka inazidi pauni milioni 3 hutozwa asilimia 0.5 ya kiasi kinachozidi hapo, na fedha hizo hutumiwa kuwafunza wanagenzi. Waajiri wadogo nao husaidiwa na serikali. Linganisheni na mwanafunzi wa kawaida wa England: mwaka 2025 ada yake ilifika hadi pauni 9,535 kwa mwaka, na wengi huikopa kisha wakailipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mshahara nao si wa kujenga ghorofa. Kuanzia Aprili 2025, kima cha chini cha mwanagenzi wa mwaka wa kwanza kilikuwa pauni 7.55 kwa saa, ingawa kampuni nyingi huwalipa zaidi wanaosomea shahada.

Wiki yangu imegawanyika hivi: siku nne kazini, siku moja masomoni. Vyuo vingine hupanga tofauti, mwanagenzi akafanya kazi miezi kadhaa kisha akaenda chuoni wiki nzima. Kazini, asubuhi tunakutana kwa dakika kumi na tano tukiwa tumesimama, ili mtu asipate nafasi ya kupiga domo. Kila mmoja anasema alifanya nini jana, atafanya nini leo, na ni kitu gani kinamkwamisha. Kisha kila mtu anarudi kwenye meza yake.

Wengi hudhani mhandisi wa programu hushinda akiandika programu mpya kutoka asubuhi hadi jioni. Wapi! Miezi ya kwanza kazi kubwa ni kusoma. Unasoma maandishi ya watu waliotangulia, wengine walioacha kazi zamani, mpaka uelewe walikusudia nini. Halafu unapewa kurekebisha kasoro ndogo ndogo, ambazo wahandisi huziita wadudu. Jina hilo ni la zamani, lakini mwaka 1947 mafundi wa tarakilishi ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimpata nondo halisi ndani ya mtambo. Wakambandika kwenye daftari na kuandika kwamba hapo ndipo mdudu alipopatikana kwelikweli!

Ukimaliza marekebisho yako, huyaingizi hivi hivi tu. Tunatumia chombo kiitwacho Git, kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kila mhandisi hufanya kazi katika tawi lake, na shina linabaki salama. Kazi ikiisha, programu nyingine huyapima maandishi yako, kisha mwenzako huyasoma mstari kwa mstari na kukuuliza: "Kwa nini umefanya hivi? Ikiwa mtu hakuandika jina lake, itakuwaje?" Akiridhika, ndipo tawi huunganishwa na shina. Ni kama mwalimu anavyosahihisha insha, ila hapa hata fundi mkuu husahihishwa na mwanagenzi.

Faida kubwa ni jinsi chuo na kazi vinavyosaidiana. Nitawapa mfano mmoja. Chukueni kamusi. Mkitafuta neno "ngamani", hamwanzi herufi ya A na kusoma ukurasa baada ya ukurasa. Mnafungua katikati, mnaona mmepita au hamjafika, mnaachana na nusu moja, kisha mnaigawa nusu iliyobaki. Tarakilishi nayo inaweza kufanya hivyo. Katika majina milioni moja, ikisoma moja moja huenda ikapiga hatua milioni nzima. Lakini majina yakiwa yamepangwa, nayo ikagawa nusu kwa nusu, hatua 20 zinatosha. Hayo nilifunzwa chuoni siku ya Jumatano. Wiki iliyofuata kazini tukakuta ukurasa wa wateja unafunguka polepole kama kinyonga, na sababu ilikuwa hiyohiyo: mtambo ulikuwa ukisoma orodha nzima. Somo hilo sitalisahau, maana nililiona kwa macho.

Lakini msije mkadhani ni asali tupu. Kwanza, hakuna likizo ndefu. Wanafunzi wenzetu wa chuo hupumzika miezi kadhaa, ilhali sisi tuna siku za mapumziko za mfanyakazi, ambazo kisheria si chini ya 28 kwa mwaka pamoja na sikukuu. Pili, kazi za chuo hufanywa usiku na Jumamosi, na mara nyingi tarehe ya kukabidhi insha hugongana na shughuli nyingi kazini. Tulioanza pamoja katika kundi letu, wawili wamekwisha kuacha, na hawakuwa wavivu. Tatu, mwishoni kuna mtihani wa pekee: unafanya mradi halisi wa kampuni, unauandikia ripoti, unauwasilisha, kisha unahojiwa juu ya kazi uliyoikusanya miaka yote. Huwezi kukesha usiku mmoja ukakariri.

Jambo jingine ni zito, nisikilizeni. Msidanganywe na mawakala! Anayetaka nafasi hii kwa kawaida sharti awe na ruhusa ya kufanya kazi Uingereza na awe ameishi huko miaka mitatu kabla ya kuanza. Mimi niliondoka hapa nikiwa kidato cha pili kumfuata mama, ndiyo sababu nilikubaliwa. Viza ya mwanafunzi haifai. Kwa hiyo mtu akiwaambia mlete laki tatu awatafutie uanagenzi mkiwa Kenya, huyo ni mwizi mwenye tai.

Basi ninyi mtafanyaje? Wazo lenyewe halihitaji pasipoti. Hapa nyumbani waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo, chini ya mamlaka ya NITA, na vyuo vya ufundi huwapeleka wanafunzi viwandani. Mkipelekwa huko, msikubali kuwa wa kuchemsha chai na kutoa nakala tu. Ulizeni: fundi wangu ni nani? Nani atasahihisha kazi yangu? Nitatoka hapa nikijua kufanya nini? Hayo maswali matatu ndiyo roho ya uanagenzi, kote kote.

Nanyi mnaongojea matokeo ya mtihani, msimcheke anayeenda kujifunza kazi kwa mikono. Siku hizi hata akili unde inaandika programu, lakini bado anatakiwa mtu wa kuzisoma na kusema hapa pamekosewa, na jicho hilo hupatikana kwa fundi. Mgagaa na upwa hali wali mkavu.

Nawatakia heri na fanaka masomoni. Kiswahili kitukuzwe!