Sungura Mgeni Asikaribishwe kwa Karamu

Katika magari yateremkayo kutoka Bugarama kuja Bujumbura, si ajabu kuona kikapu kilichofungwa kwa kamba juu ya magunia ya kabichi, na katika upenyo wa kikapu hicho masikio mawili marefu. Sungura huyo amenunuliwa vilimani, ambako Warundi humwita urukwavu, naye anapelekwa mjini, pengine Buyenzi, pengine Ngagara, kwa watoto waliokuwa wakimwomba baba yao tangu likizo ianze. Akifika hupokelewa kama mgeni wa heshima. Huyu humletea karoti, yule jani la kabichi, na mdogo wao kipande cha mkate uliobaki chai ya asubuhi. Mgeni, ambaye hajala tangu alfajiri, hula vyote. Siku ya pili amejikunyata pembeni mwa kibanda, manyoya yamemsimama. Siku ya tatu watoto wanalia, na jirani anaeleza kwamba sungura wa vilimani hawaishi mjini.

Maelezo ya jirani hayatoshi. Safari na joto humchosha mnyama, hilo ni kweli, lakini mara nyingi kinachommaliza ni ile karamu. Nyumba nyingi humpoteza sungura kwa ukarimu kuliko kwa njaa, na fedha iliyomnunua hupotea pamoja naye.

Ili kuielewa sababu yake, yafaa kwanza kulijua tumbo la mnyama huyu. Sungura hula majani kama ng'ombe, lakini hacheui. Kazi kubwa ya kuvunja majani yaliyo magumu hufanyika katika mfuko mpana ulio mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Humo huishi bakteria wasiohesabika, nao ndio wamsaidiao kupata lishe katika nyasi. Bakteria hao huzoea chakula anachopewa kila siku. Sungura aliyekulia kwenye nyasi za matuta akipewa ghafula wanga na sukari, bakteria wa namna nyingine huzaliana kwa haraka, hewa hujaa tumboni, na baadhi yao hutoa sumu. Tena sungura hawezi kutapika. Kilichokwisha kuingia hakina budi kupita hadi mwisho, na kinachousaidia utumbo kukisukuma ni nyuzinyuzi za majani. Nyuzinyuzi zikipungua, matumbo hulegea, na yakisimama kabisa mnyama yumo hatarini.

Jambo moja huwashangaza watu wengi, hata wakamdhania sungura kuwa ana ugonjwa. Hutoa kinyesi cha namna mbili. Cha kwanza ni punje za mviringo, kavu, ambazo kila mtu huziona chini ya kibanda. Cha pili ni laini, chenye kung'aa, kimeshikana kama kichala, nacho huonekana kwa nadra kwa sababu sungura hujiinamia na kukila palepale kinapotoka. Si uchafu wala si njaa. Ndani yake mna protini na vitamini zilizotengenezwa na wale bakteria, na kwa kukila mara ya pili mnyama hupata lishe ambayo ingepotea. Asizuiwe. Lakini kichala hicho kikionekana kimeachwa sakafuni kila asubuhi bila kuliwa, ni dalili kwamba chakula kimezidi utamu na nyasi zimepungua.

Basi kazi ya kumzoesha sungura chakula chema huanza kwa muuzaji, kabla ya bei kukatwa. Mnunuzi aulize umri. Mtoto wa sungura ambaye hajatimiza majuma 8 hafai kutenganishwa na mama yake, hata kama ameanza kutafuna majani, kwa maana utumbo wake bado hauna uimara. Aulize pia mnyama hula nini, mara ngapi, na saa zipi. Kisha aombe gunia la chakula hichohicho, cha kutosha juma moja au mawili. Nyasi za vilimani zilizopandwa kingoni mwa matuta kuzuia mmomonyoko hazina bei kubwa, na muuzaji mwenye moyo mwema huenda akazitoa bure. Gunia hilo lina thamani kuliko karoti zote za sokoni.

Siku ya kwanza mgeni awekwe mahali penye kivuli na utulivu, mbali na mbwa na kelele, apewe nyasi na maji, basi. Asishikwe-shikwe. Kwa siku tatu au nne chakula kiwe kilekile cha kwao. Kisha mama wa nyumbani aanze kuchanganya: sehemu moja ya chakula kipya kwa sehemu tatu za kile cha zamani, na baada ya siku chache nusu kwa nusu, hata kufikia siku ya kumi au ya kumi na nne ambapo cha zamani kimekwisha. Kinyesi kikianza kulegea, arudi nyuma hatua moja na kungoja. Hakuna sababu ya kuharakisha.

Chakula chenyewe kikubwa ni nyasi, na zilizo bora kwa mgeni ni zile zilizokaushwa. Watu wa mjini hulalamika kwamba nyasi kavu hazipatikani. Zinapatikana kwa mwenye kuziandaa. Zikatwe kabla hazijatoa mbegu, asubuhi umande ukiisha kuondoka, zitandazwe kwa unene mdogo mahali penye upepo na kivuli, zigeuzwe mara mbili au tatu kwa siku. Kwa siku tatu hivi za kiangazi huwa tayari. Nyasi zilizokauka vema hubaki na rangi ya ukijani na harufu tamu. Zenye harufu ya ukungu zitupwe bila huruma. Zihifadhiwe katika gunia la katani juu ya mbao, zisiguse sakafu, wala zisifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, kwani hutoa jasho na kuoza. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo ya kuweka akiba, maana mvua zikianza kazi hiyo huwa ngumu. Nyasi ziwepo mbele ya sungura mchana na usiku. Yeye hula kidogo kidogo, mara nyingi, hasa magharibi na alfajiri.

Nyasi zina faida nyingine iliyo mdomoni. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka kiasi cha milimita 2 kila juma. Yanapunguzwa na kutafuna tu. Sungura anayelishwa ugali, mkate na pumba hutafuna kwa muda mfupi, meno hurefuka, yale ya nyuma huchoma ulimi na mashavu, na mnyama mwenye njaa husimama mbele ya chakula asikile. Mwenyeji hudhani ameshiba.

Majani mabichi ni mazuri, ila yaletwe moja moja. Aina moja mpya, kiasi cha konzi ndogo, kisha kungoja siku nzima na kutazama kinyesi kabla ya kuleta nyingine. Matembele yanafaa sana, vivyo hivyo kishonanguo na mchunga, magugu ambayo watu huyang'oa na kuyatupa. Majani ya karoti, ambayo wauzaji wengi huyakata na kuyaacha chini, ni chakula chema kuliko karoti yenyewe. Vitabu vya watoto vimemchora sungura akiwa na karoti mkononi, na picha hiyo imeleta hasara: karoti ina sukari nyingi, nayo ni kitoweo, si chakula. Kabichi hujaza hewa tumboni. Kipande kidogo baadaye, si jani zima siku ya kwanza. Majani yaliyokatwa yakarundikwa hata yakapata moto ndani yamekwisha kuanza kuchacha, na hayafai tena. Yaliyoota kando ya barabara kuu yana moshi wa magari, na yale ya kingo za mashamba ya mpunga huko Imbo huenda yamenyunyiziwa dawa. Yaoshwe, yakung'utwe, yaachwe yanyauke kidogo.

Yapo yasiyotolewa kabisa: majani ya parachichi, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, maharage mabichi, mnyaa wenye utomvu mweupe unaopandwa kuwa ua, na lile ua la lantana lenye vishada vya maua ya rangi mchanganyiko. Sombe mbichi nayo ina sumu ambayo watu huiondoa kwa kutwanga na kupika kwa muda mrefu; mgeni asipewe. Ugali, wali, mkate na biskuti ni vya watu. Pumba za mahindi zilizopata ukungu ni hatari hata kama ukungu umekung'utwa, kwa sababu sumu yake hubaki. Anayeweza kununua chakula cha punje cha sungura dukani akumbuke kwamba gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama mzima zatosha kwa siku. Mwenye kilo 2 hupata gramu 50, na nyasi humaliza yaliyobaki. Wachanga wanaokua na jike mwenye mimba au anayenyonyesha huhitaji zaidi.

Kuhusu maji bado wapo wanaosema sungura hanywi, kwamba umande wa majani humtosha. Usemi huu umeua wanyama wengi. Anayekula nyasi kavu huhitaji maji safi kila saa, na asipoyapata huacha kula. Kibakuli kizito cha udongo hufaa kuliko kopo la bati, kwani hakipinduki upesi na maji hukaa baridi. Kioshwe kila siku.

Hapa ndipo hali ya Bujumbura inapohitaji uangalifu wa pekee. Bugarama iko juu ya mita 2,000, mahali pa ukungu na baridi. Bujumbura iko kando ya ziwa, chini ya mita 800, na mchana joto hufika nyuzi 30. Sungura hatoi jasho kama mtu, naye hupunguza joto hasa kwa masikio yake. Katika joto hilo hula kidogo sana. Mwenyeji asimlazimishe mchana wala asimbembeleze kwa vitamu. Kibanda kiwe kivulini, kielekee upepo wa ziwa, na fungu kubwa la chakula litolewe jua likishuka. Anayemwona mgeni wake amelala mchana kutwa akaamka kula usiku asiwe na hofu.

Hofu ya kweli ni sungura aliyepitisha saa 12 bila kula chochote, au ambaye punje za kinyesi zimekuwa ndogo mno, au zimekoma. Akisaga meno kwa maumivu, tumbo likiwa gumu kama ngoma, au mtoto akiharisha maji, asisubiriwe hadi kesho. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Wala asitiwe dawa zilizobaki kabatini. Amoksilini na penisilini zikinyweshwa sungura huwaua wale bakteria wema wa tumboni, na mnyama aliyekuwa na ugonjwa mdogo hufa kwa dawa. Kinyume chake, mkojo mwekundu baada ya kula majani mapya huwatisha watu bure. Mara nyingi ni rangi ya majani tu, nao hurudi hali yake baada ya siku moja mbili. Ukiendelea, au akijikamua kwa shida, hilo ni jambo jingine, na daktari aulizwe.

Mizani ya jikoni ni msaada mkubwa. Mgeni apimwe siku ya kuwasili, kisha kila juma, na uzito uandikwe kwenye daftari pamoja na jina la kila jani jipya na tarehe yake. Manyoya huficha kukonda, lakini daftari halifichi. Kazi hii wapewe watoto, kwa maana ndio waliomwomba sungura, na mtoto anayejua kwamba jana mchunga ulilegeza kinyesi hatauleta tena leo kwa siri.

Juma la tatu likipita salama, kipande cha karoti kisichozidi ncha ya kidole gumba chaweza kutolewa mara mbili kwa juma. Kitolewe kwa mkono, jioni, baada ya nyasi kuliwa.