Mwanga Unaoua Bakteria Sugu wa Vidonda

Huenda umewahi kumwona mgonjwa aliyetumia dawa kwa majuma mengi na kidonda chake bado kinatoa usaha. Pengine sababu ni bakteria sugu, yaani wale ambao antibiotiki za kawaida haziwaui tena. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 usugu huo ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta silaha nyingine, na mojawapo ni mwanga.

Jambo hili si geni kabisa. Daktari Niels Finsen wa Denmark alitibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel. Njia ya siku hizi hutumia mwanga pamoja na rangi.

Je, hufanyaje kazi? Mhudumu hupaka rangi maalumu, kwa mfano methileni bluu, mahali penye maambukizi. Rangi hiyo hunata kwenye bakteria. Kisha humulika hapo kwa taa ya mwanga mwekundu. Rangi ikipata mwanga huifanya oksijeni iliyo karibu kuwa kali mno, nayo huwaharibu bakteria nje na ndani. Kwa kuwa hushambuliwa sehemu nyingi kwa mara moja, si rahisi wajenge usugu.

Huko Vancouver, Kanada, tangu mwaka 2011 hospitali kuu imetumia njia hii kusafisha pua za wagonjwa kabla ya upasuaji, kwani bakteria wanaokaa puani huweza kuingia katika kidonda.

Hata hivyo, mwanga huu hupenya milimita chache tu. Hauwezi kutibu maambukizi yaliyofika kwenye damu au mfupa. Kwa vidonda, njia hii bado inachunguzwa na haijaenea.

Basi, usijaribu nyumbani kupaka rangi ya nguo na kuanika kidonda juani, utajidhuru. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi, na umalize dawa kama ulivyoelekezwa. Ukiona homa, wekundu unaoenea au usaha usiokoma, nenda zahanati mapema. Mwenye kisukari asingoje hata siku moja.