Nuru ya Mtaa wa Nyumbani

Kalenda zinazotundikwa katika ofisi na maduka yetu aghalabu hupambwa kwa picha za simba, twiga, au kilele cha Kilimanjaro. Ni picha nzuri, wala hapana haja ya kuzibeza. Hata hivyo zimewazoesha watu wengi dhana moja isiyo sahihi: kwamba picha yenye sanaa haina budi kufuatwa mbali, na kwamba mtaa wa mtu mwenyewe, pamoja na baiskeli zake, madimbwi yake na kuta zake zilizobanduka chokaa, hauna cha kupigwa. Hasara ya dhana hiyo si ndogo. Mwenyeji akiuona mji wake kuwa haustahili picha, kazi ya kuuonyesha mji huo kwa walimwengu humwangukia mpita njia, ambaye huja siku mbili, akapiga alichokikuta, akaenda zake.

Historia ya upigaji picha yenyewe inaipinga dhana hiyo. Picha ya kamera iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia hadi leo ilipigwa mwaka 1826 au 1827 na Mfaransa Nicéphore Niépce. Naye hakwenda mbali: aliielekeza kamera nje ya dirisha la nyumba yake katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes, akapata mapaa na kuta za majengo ya uani. Lami aliyoipaka juu ya bamba la madini ilihitaji saa nyingi za mwanga, hata jua likapata nafasi ya kuhama angani, na kuta za pande zinazoelekeana zikaonekana zote kuwa zimeangazwa. Mwaka 1835 Mwingereza William Henry Fox Talbot alipiga dirisha la nyumba yake huko Lacock. Negativu hiyo, ambayo ni kongwe kuliko zote zilizosalia, ni ndogo kama stempu. Karne moja baadaye Josef Sudek wa mji wa Prague, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipiga kioo cha dirisha la chumba chake cha kazi tangu mwaka 1940 hadi 1954: kioo chenye umande, chenye barafu, chenye matone ya mvua. Mfululizo huo umekuwa miongoni mwa kazi zinazoheshimiwa sana katika sanaa ya picha. Na katika pwani yetu, Ranchhod Oza, aliyefungua duka la picha la Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, alitoka nje ya studio yake na kupiga maisha ya mji ule ule aliokuwa akiishi.

Kwa hiyo swali la maana si mahali pa kwenda. Swali ni kwa nini mwenyeji haoni, na afanye nini ili aone.

Jicho lililozoea

Mwaka 1804 tabibu wa Uswisi, Ignaz Troxler, alieleza jambo ambalo msomaji anaweza kulijaribu mwenyewe. Achore nukta nyeusi katikati ya karatasi nyeupe, na sentimeta chache kando yake apake duara la rangi hafifu lenye kingo zisizo kali. Akiikazia macho nukta ile bila kuyahamisha, baada ya muda mfupi duara litafifia, na pengine litatoweka kabisa, ingawa lingali pale pale karatasini. Katika miaka ya 1950 watafiti walitengeneza vifaa vya kuifanya taswira isisogee hata kidogo ndani ya jicho, wakaona kwamba taswira hiyo hufifia baada ya sekunde chache. Jicho hujiokoa na upofu huo kwa kutetema daima, mitetemo midogo ambayo mwenye jicho hana habari nayo. Kwa ufupi, mfumo wa kuona umeumbwa kuitikia mabadiliko, kisichobadilika huachwa.

Mazoea ya mtaa ni jambo jingine, linalotendeka ndani zaidi katika ubongo, lakini matokeo yake yanafanana. Mtu apitaye kila siku mbele ya mlango mmoja hujua kwamba mlango upo, basi, hauoni tena. Mgeni huuona mara moja. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, huenda hawakuwa na habari za kamera, ila usemi wao unafaa hapa pia.

Kuna tatizo la pili, nalo ni kwamba ubongo hurekebisha kile jicho linachopokea. Kanzu nyeupe huonekana nyeupe juani na nyeupe kivulini. Kamera haina ukarimu huo: ikiachwa na mpangilio wa rangi wa juani, kanzu iliyo kivulini chini ya anga tupu itatoka na ubuluu, maana mwanga unaoiangaza umetoka angani wala si katika jua lenyewe. Tena, mtu hutazama kwa macho mawili, na kwa hiyo hutenganisha kwa urahisi kilicho karibu na kilicho mbali. Kamera ina jicho moja. Ndiyo sababu nguzo ya umeme iliyo mita 30 nyuma ya bibi arusi huonekana pichani kama imeota kichwani pake. Dawa yake haina gharama: kabla ya kupiga, fumba jicho moja.

Chombo kingine kisicho na gharama ni kipande cha kadibodi kilichokatwa dirisha la sentimeta 6 kwa 9. Ukikishika sentimeta 12 na nusu kutoka kwenye jicho, utaona kiasi kile kile kinachoonwa na lenzi ya milimita 50 katika kamera ya filamu ya kawaida. Ukikisogeza hadi sentimeta 6 au 7, utaona takriban kile kinachoonwa na lenzi kuu ya simu nyingi za siku hizi. Mwanafunzi akizunguka na kadibodi hiyo kwa nusu saa katika soko alilolijua tangu utotoni, ataona vitu vikigeuka: fungu la nyanya linakuwa umbo la duara katikati ya mistari ya mbao, na kivuli cha mizani kinakuwa kizito kuliko mizani yenyewe. Kingo nne zile zimemlazimisha achague, na kuchagua ndiko kuanza kuona.

Jua la Tanga

Baada ya jicho, nuru. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na mashauri yake kuhusu jua hayafai kuchukuliwa mazima mazima katika nchi za Ikweta. Ichukuliwe Tanga kuwa mfano, mji ulio digrii 5 hivi kusini mwa Ikweta, mji tambarare unaosifika kwa baiskeli zake, wenye ghuba mbele na milima ya Usambara kwa upande wa bara.

Hapo jua hupanda karibu wima. Kwa kila saa moja hupanda takriban digrii 15, kwa hiyo dakika 40 hivi baada ya macheo limefika digrii 10 juu ya upeo. Wakati huo mwendesha baiskeli mwenye kimo cha sentimeta 170, akishuka na kusimama kando ya barabara, hutupa kivuli cha zaidi ya mita 9. Vivuli vya spoku za magurudumu hunyooka barabarani kama vimechorwa kwa rula. Saa moja baadaye uchoraji huo umekwisha. Jioni mambo ni hayo hayo kinyumenyume, na machweo nayo yana haraka. Ndani ya dakika 20 au 25 giza limeingia. Mpiga picha wa Ulaya ya kaskazini anaweza kukawia wakati wa kiangazi. Wa Tanga hana budi kuwa amekwisha kuchagua mahali pake tangu jana.

Wekundu wa saa hizo una sababu yake. Molekuli za hewa hutawanya mwanga wa mawimbi mafupi kuliko wa mawimbi marefu: buluu ya nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara 4 kuliko nyekundu ya nanomita 650. Jua likiwa kwenye upeo, mwanga wake hupita katika hewa nyingi karibu mara 40 kuliko likiwa utosini, na buluu karibu yote hupotea njiani. Jua likisha kuzama hubaki buluu ya anga peke yake, na kuna kama dakika 10 ambazo anga na taa ya muuza kahawa huwa na nguvu zinazolingana. Kabla ya hapo taa haionekani. Baada ya hapo anga ni jeusi. Dakika hizo hustahili kungojewa.

Adhuhuri hulaumiwa na kila kitabu, na kwa nyuso za watu lawama hiyo ni ya haki: jua la utosini hujaza macho giza na kuipa pua kivuli kama cha ndevu. Lakini mtu huyo huyo akirudi nyuma hatua mbili, akaketi barazani chini ya paa, mambo hubadilika. Mchanga mweupe na ukuta wa mkabala uliopakwa chokaa humrudishia mwanga laini kutoka chini na mbele. Hapo mpiga picha aangalie jambo moja. Juani huweza kuwa na mwanga wa luksi 100,000, hali ndani ya chumba kisicho na taa kuna mia chache tu. Jicho huvumilia tofauti hiyo kwa kujirekebisha kila linapohama. Kamera hupima mara moja na hapo hapo. Ni lazima kuamua: ama uso wa mtu uonekane na njia nyuma yake iungue kwa weupe, ama njia ionekane na mtu awe umbo jeusi mlangoni. Yote mawili yanaweza kuwa picha nzuri. Isiyo nzuri ni ile ambayo mpigaji hakuamua lolote.

Na kuna kitu ambacho adhuhuri hukifaa kuliko saa nyingine zote, nacho ni kuta. Jua lililo karibu na utosi huteremka ukutani likiukwaruza, na kila punje ya chokaa, kila ufa, kila herufi ya tangazo la zamani la dukani hupata kivuli chake. Watu wa vitabu vya nchi za baridi hawakuijua sana nuru hii, maana kwao jua halipandi kiasi hicho.

Wakati wa masika anga hufunikwa na mawingu, mwanga ukatawanyika na vivuli vikafa. Wengi huweka kamera kabatini, ilhali hapo ndipo madimbwi yanapojaa. Maji yakitazamwa kutoka juu moja kwa moja huakisi asilimia 2 tu ya mwanga. Yakitazamwa kwa mlalo, digrii 10 tu kutoka kwenye uso wake, huakisi zaidi ya theluthi. Basi anayesimama wima huona matope, na anayechuchumaa hata kamera ikakaribia maji huona nyumba nzima imepinduliwa, pamoja na mwembe na nyaya za simu.

Ghuba nayo ina kalenda yake. Maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo saa ya maji kupwa na saa ya nuru ya asubuhi hukutana siku chache tu katika kila majuma mawili. Siku hizo tope lililo wazi, likiwa na mifereji yake na ngalawa zilizolala ubavu, huakisi anga lote. Mvuvi yeyote wa Tanga anajua ni siku zipi. Mpiga picha hana haja ya chombo, aulize tu.

Hodi na daftari

Watu si mapambo ya mtaa. Mwenyeji ana faida ya kujulikana, na faida hiyo huharibika mara moja akianza kupiga watu kwa kuvizia. Salamu, hodi, na ahadi ya kuleta nakala ya picha, tena ahadi inayotimizwa, humfungulia mtu milango ambayo lenzi ndefu haiwezi kuifungua. Maeneo ya jeshi na mengine ya ulinzi hayapigwi picha, na asiye na hakika na aulize kwanza.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Daftari la kurasa chache latosha: mahali, tarehe, saa, hali ya mawingu, hali ya maji. Majina ya watu na mahali yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, au pamoja na jina la faili. Nyumba za miti na udongo zinaondoka, na maandishi ya mkono juu ya milango ya maduka yanafutwa. Picha isiyo na maelezo huwa kitendawili kwa wajukuu.

Daftari hufundisha pia elimu ya nyota bila kukusudia. Mjini Tanga jua hupita utosini kama tarehe 8 Machi na kama tarehe 6 Oktoba. Kati ya tarehe hizo hupita upande wa kaskazini adhuhuri, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Ukuta unaoelekea kaskazini, kwa hiyo, hupata nuru ya kuukwaruza katika Aprili na Septemba. Unaoelekea kusini haupati jua la adhuhuri kabisa wakati wa kipupwe. Aliyeuona ukuta wake wa kusini mwezi wa Juni, umelala kivulini na maandishi yake hayasomeki, hana la kufanya ila kuuandika daftarini na kurudi Novemba, saa 6 na dakika chache mchana, kama ukuta utakuwa ungali umesimama.