UGANDA: Darasa Limehamia Kwenye Simu

Mwezi Machi 2020 serikali ya Uganda ilifunga shule na vyuo vyote kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wa Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922, walirudi makwao, na baadaye baadhi ya masomo yakafundishwa kwa intaneti.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mwalimu anaweka somo na maswali katika mtandao wa chuo. Mwanafunzi anavichukua kwa simu au kompyuta na kurudisha majibu kwa njia hiyo hiyo. Wazee wetu waliosoma kwa posta watautambua. Bahasha tu ndiyo imebadilika.

Lakini bahasha ilibandikwa stempu mara moja. Intaneti inalipiwa kila inapotumika, na video hula bando kuliko maandishi. Darasani, kiti, taa na ubao ni vya chuo. Nyumbani, simu, umeme na bando ni juu ya mwanafunzi, yaani juu ya mzazi wake anayechuma chai au kukata miwa.

Julai 2021 Uganda ilianza kutoza bando ushuru wa asilimia 12. Sheria ilisamehe matumizi ya elimu na tiba, jambo jema. Ila muuza vocha hamuulizi mteja kama anakwenda kusoma au kusikiliza muziki.

Mfanyakazi anayetaka kujiendeleza kwa njia hii aulize kabla ya kulipa ada: somo laweza kuhifadhiwa kwenye simu na kusomwa bila intaneti? Mtihani unafanyiwa wapi, na nauli ni ya nani?